Gari Lililopimwa kwa Utepe wa Mshonaji

Waliokuwapo karakanani Jumamosi ile, saa tatu asubuhi, ni hawa: Shangazi, mwenye gari na dereva wake yeye mwenyewe, fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, kondakta wa Shangazi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuumbwa na kitufe cha kuzimia, mdogo wangu, mshonaji, katika kiti chake cha magurudumu, na mimi, kaka yake, mwalimu wa hisabati, niliyekabidhiwa daftari. Aliyetoa udhuru: hakuna. Aliyechelewa: Cheche, dakika kumi, ingawa karakana ni yake na chumba anacholala kimeegemea ukuta wake. Nyuma ya gari, wakiwa hawakualikwa wala kuulizwa maoni, walilala mifuko miwili ya mchanga.

Shughuli yetu ilikuwa moja. Mdogo wangu alikuwa amepata barua ya kazi ya kufundisha ushonaji katika chuo cha ufundi kilichoko upande wa pili wa mji, naye alitakiwa kuripoti baada ya siku tisa. Barua kama hiyo aliwahi kuipata mwaka uliotangulia, akaikataa. Teksi ya kwenda na kurudi ingeula mshahara wote kisha ikaulizia mchuzi. Ama mabasi, makondakta walikikunja kiti chake, wakakirusha juu ya paa na kukitoza nauli ya mzigo. Halafu yeye mwenyewe wakamnyanyua mikononi kama furushi mbele za watu, wanaume wawili wakibishana nani ashike miguu. Mara ya mwisho alirudi nyumbani, akavua kilemba, akasema bila chozi hata moja, "Kaka, sibebwi tena." Sisi tuliomfahamu tulijua kwamba neno hilo limekwisha kupigiliwa msumari.

Hapo ndipo Shangazi alipotoa gari lake, basi dogo la viti kumi na vinne, ling'olewe viti vitatu vya nyuma ili kiti cha magurudumu kipate nafasi. Alilitoa kwa moyo mweupe na kwa sharti jeusi.

"Nafasi ya watu watatu ni nauli ya watu watatu," alisema. "Damu ni damu, mafuta ni mafuta. Kituo cha mafuta hakinipunguzii kwa sababu nina mpwa."

Mdogo wangu hakubembeleza. "Sikubali kubebwa mikononi, na sikubali kubebwa kwenye nauli. Nikishindwa kulipa, sipandi." Lakini nilipoketi kupiga hesabu niliona kwamba nauli tatu za kwenda na tatu za kurudi zingemwachia fedha ya sabuni na uzi tu. Kwa hiyo mambo yalikuwa mawili: apande mwenyewe bila kubebwa, na alipe kiasi anachokiweza. Likikosekana mojawapo, barua ingekataliwa kwa mara ya pili, na chuo hakingeandika ya tatu.

Sasa yanipasa kueleza habari za ile mifuko. Cheche alikuwa ametengeneza kipandio cha chuma, urefu wa mita mbili, kinachoegemezwa kwenye mlango wa nyuma. Sote tulikiita daraja. Ijumaa, siku moja kabla, sisi wanaume watatu tulilijaribu. Tulipakia mifuko miwili ya mchanga katika kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati, Redio na Cheche wakakisukuma, nami nikachora jedwali lenye safu nne: namba ya jaribio, uzito, muda, maoni. Tulipanda mara nane. Katika safu ya maoni niliandika "vema" mara nane, kwa wino wa bluu. Mdogo wangu hatukumwita. Tulifanya hivyo kwa heshima: tusimsumbue, tulisema, aje akute kazi imekwisha. Hata uzito wa mifuko niliukisia mimi, maana mwanamke haulizwi kilo zake.

"Haya, bibi arusi," Redio alisema asubuhi ile ya Jumamosi, akishika vishikio vya nyuma vya kiti. "Jiandae kupaa."

"Achia," mdogo wangu alisema.

"Nikusukume, dada, mlima huu ni wa—"

"Nimesema achia."

Akaachia. Mdogo wangu alirudi nyuma hatua chache, akakaza vidole kwenye magurudumu na kuja kwa nguvu. Alifika karibu nusu ya daraja. Kiti kikasita, kikaanza kumrudisha chini. Redio na Cheche walidaka kwa pamoja, wakakisukuma hadi juu kama walivyozoea kuisukuma ile mifuko. Yale magurudumu madogo ya mbele yaligonga kijiukingo cha chuma ambacho Cheche alikiweka mwisho wa daraja, eti kuzuia kiti kisirudi nyuma. Kiti kikaruka, magoti yake yakapiga mbele, na paji la uso wake likagonga fremu ya mlango kwa sauti ambayo sote tuliisikia.

Hata Redio alizima.

"Nishusheni," alisema.

Tulimshusha. Alikirekebisha kilemba, akagusa paji la uso, akatazama kidole kama kuna damu. Haikuwapo. Kisha akatutazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua mshono wa mwanafunzi.

"Kaka, uliniambia mlijaribu mara nane."

"Nane," nilisema.

"Na nani?"

Nilitazama daftari langu, ambalo halikuwa na safu ya jibu hilo.

"Na mchanga," Redio alisema, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kwamba anayo.

"Na nini?"

"Mchanga, dada. Ule pale. Ulitulia sana."

Mdogo wangu aligeuza kiti, akaiona mifuko. "Huyu ndiye mimi?" aliuliza. "Hana kichwa cha kukigonga. Hana magoti. Hana mikono ya kujisukuma. Mmemtengenezea gari zuri sana. Siku ya kuripoti mpelekeni chuoni akafundishe."

Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akatugeukia sisi watatu. "Kitanda usichokilalia..." alianza.

"...hujui kunguni wake," Redio alimalizia.

"Nyamaza. Wewe ndiwe kunguni mwenyewe."

Nilidhani mdogo wangu angeondoka. Aligeuza kiti kuelekea lango, akaenda hatua tatu au nne, akakisimamisha. Alikuwa na mgongo ulionyooka, mgongo ninaoufahamu tangu alipokuwa mtoto akikataa kulishwa. Kisha akarudi, akautoa shingoni ule utepe wa kupimia anaouvaa kila siku kama wanawake wengine wanavyovaa mkufu.

"Nguo ya mtu haikatwi kwa kumpima jirani yake," alisema. "Leteni karatasi ya kaki, chaki, na mtu wa kuandika. Kaka, fungua ukurasa mpya."

Nikafungua.

Alilipima lile gari kama anavyompima mteja mgumu: kwa adabu, bila haraka, na bila kuamini neno lolote analoambiwa na mwenyewe. Alipima upana wa mlango, kimo cha mlango, kina cha ndani. Alimwamuru Redio ashike ncha ya utepe mahali ambapo mkono wake haufiki, na kila Redio alipoulegeza alimpiga kikofi cha mkono. Kisha akajipima mwenyewe, akiwa ameketi, kuanzia ardhini mpaka juu ya kilemba: sentimita mia moja na thelathini. Mlango ulikuwa na mia moja ishirini na sita.

"Nivue kilemba?" aliuliza.

"Ukivua, nywele zako zina sentimita kumi," Shangazi alisema. "Tunazijua."

Akapima kutoka ardhini hadi juu ya sakafu ya gari: sitini na mbili. Akainama mpaka nikaogopa ataanguka, akapima kutoka ardhini hadi chini ya bati la sakafu: hamsini na tatu. Akarudia kupima, kisha akauacha utepe ukining'inia.

"Fundi, bati la sakafu lina unene gani?"

"Milimita mbili tu," Cheche alijibu.

"Basi hizi sentimita nyingine karibu tisa ni za nani?"

Cheche alikuna kichwa. Aliingia ndani ya gari, akachomoa ncha ya zulia la mpira. Chini ya mpira kulikuwa na plaiwudi. Chini ya plaiwudi kulikuwa na mbao nene, zilizopigiliwa na mwenye gari wa kwanza, aliyelitumia kubeba saruji.

"Gari hili limevaa nguo tatu kwenye joto hili," mdogo wangu alisema. "Livueni."

Ndivyo kilivyopatikana kimo cha mlango ambacho sisi watatu, kwa majaribio manane na wino wa bluu, hatukukiona. Cheche, ambaye ana miaka ishirini na mitano katika chuma, aliketi juu ya mfuko wa mchanga akasema polepole, "Dada, ningekujua mapema ningekuajiri."

"Usingeweza mshahara wangu," alijibu.

Lilibaki daraja. Nilimweleza kile ambacho ningepaswa kukieleza tangu Ijumaa: kwamba mtu anayejisukuma mwenyewe, kwa kila sentimita moja ya kupanda, anahitaji sentimita kumi za kwenda mbele. Vituo vyote vikubwa vya njia yetu vina njia ya waenda kwa miguu iliyoinuka sentimita ishirini. Shangazi akirudi nyuma hadi ukingoni, na sakafu ikishuka hadi hamsini na tatu, hubaki thelathini na tatu za kupanda. Daraja liwe la sentimita mia tatu na thelathini.

"Kurudi nyuma ndiyo fani yangu," Shangazi alisema. "Ila daraja la mita tatu na ushee nitaliweka wapi? Nilining'inize masikioni?"

Mdogo wangu alikuwa amekwisha kuitandaza karatasi ya kaki sakafuni. Aliichora kwa chaki, akaikata kwa mkasi wake, akaikunja mara moja huku, mara moja kule. Kikabaki kipande kimoja cha urefu wa sentimita mia moja na kumi.

"Rinda," alisema. "Daraja la marinda matatu. Fundi, una bawaba?"

"Ninazo."

"Basi ni sketi kama sketi nyingine. Likikunjwa linasimama wima nyuma ya mlango. Na kile kijiukingo chako pale juu, kikate. Cha kunizuia nisirudi nyuma ninacho: ni mikono yangu, na mikanda minne utakayoifunga sakafuni."

Kisha akamgeukia Shangazi. "Na viti vitatu usivitupe. Nyumbani kwangu meza ya kukatia nguo inaning'inia ukutani; nikiihitaji naishusha. Fanya hivyo hivyo. Nisipokuwapo, wanaketi watu watatu. Nikiingia, vinakunjwa."

Shangazi aliinama, akaigusa ile karatasi. "Kwa chuma nakubali," alisema. "Nauli nitaifikiria. Siku utakapokuwa umepanda nitakuwa nimewashusha watatu, na watatu hao wana watoto wanaokula, na mimi pia. Na usiniambie kuna wengine kama wewe watakaonijazia siku nzima. Miaka kumi na minane niko barabarani, stendi sijawaona."

"Shangazi, hujawaona stendi kwa sababu hawana cha kuwafikisha stendi."

"Maneno hayo."

"Mimi ninawashonea nguo. Suruali ya mtu anayeshinda ameketi hukatwa juu zaidi nyuma na chini zaidi mbele, na fundi mwingine mtaani hajui. Kaka, andika." Akanitajia wateja wake kwa mitaa na kwa kazi zao: kinyozi, mtunza maktaba, karani mstaafu, wanafunzi wawili, mama wa mapacha, na wengineo. Walifika kumi na mmoja. Niliwapanga kwa umbali wa nyumba zao kutoka kituoni. Shangazi aliichukua orodha, akaikunja, akaitia katika pochi.

Juma lile lote nilipitia karakanani kila jioni baada ya vipindi. Cheche alikata kila kipande kwa kukilaza juu ya karatasi ya kaki, na kila kipande mdogo wangu alikipima kabla hakijachomelewa. Alikirudisha kimoja kwa sababu ya nusu sentimita.

"Nusu tu!" Cheche alilia.

"Nusu kwenye kola humkaba mtu."

Akakikata upya, na usiku huohuo, nasikia, aliwaambia wenzake kwamba hajawahi kufanya kazi chini ya msimamizi mkali namna ile, na kwamba daraja lile ataliandikia jina lake yeye mwenyewe kwa chini, mahali ambapo hakuna atakayeliona. Redio naye alifundishwa kulikunjua na kulikunja. Mara ya kwanza alitumia dakika nne na kulaani vitu vingi. Siku ya Ijumaa alitumia sekunde hamsini, akataka niandike.

Jumamosi ya pili tulikutana nje ya lango, kwenye njia ya waenda kwa miguu. Waliokuwapo walikuwa walewale, pamoja na mtu mmoja: karani mstaafu, mzee mwenye miwani na kiti kizito cha mtindo wa zamani, ambaye mdogo wangu alimwalika na jirani yake alimsukuma mitaa miwili. Mifuko ya mchanga ilikuwa imekwisha kuchanganywa na saruji, kuziba shimo la langoni.

Shangazi alirudi nyuma hadi ukingoni kwa mkono mmoja, bila kutazama kioo zaidi ya mara moja, akashuka akiwa amekwisha kusifiwa na nafsi yake. Redio alifungua mlango, akakunjua rinda la kwanza, la pili, la tatu, akaligonga kwa kisigino. Sikuwa na jedwali. Nilikuwa nimeliacha nyumbani kwa makusudi.

Mdogo wangu alikuja polepole. Hakukimbilia kama mara ya kwanza. Alisukuma, akavuta pumzi, akasukuma. Katikati ya daraja alisimama, mikono imeshika magurudumu, akakaa pale. Redio alinyanyua mikono yake miwili, nikaikamata.

"Amechoka," alininong'oneza.

"Hajachoka. Anaangalia."

Na kweli alikuwa anaangalia. Kutoka pale aliuona mtaa wetu kwa kimo cha mtu aliyesimama. Kisha akasukuma tena, mara tatu, magurudumu madogo yakavuka bila kugonga kitu, kilemba kikapita chini ya fremu na nafasi ikabaki. Akakigeuza kiti ndani, akafunga breki, akafunga mikanda minne mmoja mmoja, akatutazama kutoka ndani.

"Kondakta," aliita. "Mbona husemi twende?"

Redio alifungua kinywa, na kwa mara ya pili katika maisha yake hakikutoka kitu. Cheche aliufuta uso wake kwa kitambaa chenye grisi, ukawa mweusi. Mimi nimefundisha miaka kumi na saba, nimewaona wanafunzi wangu wakipokea vyeti na zawadi, na sijapata kusimama wima kama nilivyosimama pale ukingoni mwa barabara.

Alishuka mwenyewe pia, taratibu, akampisha karani mstaafu. Kiti cha mzee kilikuwa kizito, naye aliomba mkono mmoja wa kumsukuma. "Mkono, si mikono," alisema. "Mimi si gunia." Alipofika juu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Miaka sita sijafika katikati ya mji," alisema. "Kliniki nakwenda mara mbili kwa mwezi kwa teksi, na mwanangu ananilipia akiwa amekunja uso. Bibi dereva, unatoza kiasi gani?"

Shangazi alikohoa. "Mzee wangu, hapo ulipo ni nafasi ya viti vitatu."

"Viti vitatu vyako viko ukutani vimekunjwa, naviona. Hiki nilichokalia ni changu, nimekuja nacho kutoka nyumbani. Wewe utakuwa unanikodisha nini hapa? Hewa?"

Cheche ndiye aliyeanza kucheka, kisha Redio, na Redio akianza hakuna anayeweza kujizuia. Shangazi peke yake hakucheka. Mdogo wangu pia hakucheka. Alikuwa anamtazama Shangazi, mikono imetulia mapajani, kwa sababu kila alichokishinda kwa utepe na mikono yake kilikuwa kimebaki mikononi mwa mwanamke yule.

"Shangazi," alisema, "sikuombi unihurumie. Nikilipa tatu sitaweza kwenda. Nikilipa moja, nitakwenda kila siku ya kazi, na nitalipa kila siku ya kazi. Wewe ndiwe mfanyabiashara."

Shangazi alitoa orodha ya watu kumi na mmoja kutoka kwenye pochi. Nikaona kwamba ilikuwa imechakaa mikunjo, na kwamba pembeni mwa majina kadhaa kulikuwa na alama za kalamu ambazo si zangu. Kumbe juma zima alikuwa akipita kwenye nyumba hizo, baada ya safari za jioni, akibisha hodi na kuuliza watu wanakwenda wapi na saa ngapi, bila kutuambia. Alilizunguka gari lake mara moja, akalipapasa daraja kwa kiganja, akapita juu ya bawaba kama anayetafuta mshono uliofumuka. Hakuupata. Akapanda kwenye ukingo, akajishika kiuno.

"Nyamazeni. Mwalimu, andika, na uandike vizuri, kwa sababu nitabandika mlangoni. Kuanzia Jumatatu gari hili linaondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nauli ni moja kwa mtu mmoja, awe amekuja kwa miguu au kwa magurudumu, na kiti cha mtu si mzigo. Akitokea mwenye kiti chake, viti vya nyuma vinakunjwa, na atakayenung'unika atashuka yeye."